Kalibu ya Meza ya Resini: Tafuta Plastiki Inayokataa Gundi

Mtu akionyeshwa meza ya resini, macho yake hukimbilia ule mto wa buluu unaopita kati ya mbao mbili za mninga. Kilichoamua kama meza hiyo itamletea fundi faida au hasara hakionekani tena, kwa sababu kimeshafunguliwa na kuwekwa kando. Ni kalibu. Wengi wanaoanza kazi hii Dar es Salaam hupiga boksi la MDF, hulizungushia selotepu, humimina, kisha siku ya kutoa meza hulivunja kwa patasi. Meza inayofuata ni boksi jipya, selotepu mpya na nusu siku nyingine imekwenda. Hapa tutatengeneza kalibu ya plastiki inayofunguliwa kwa bisibisi, ikafutwa, ikafungwa tena kwa ajili ya meza nyingine.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, jiulize unataka kutengeneza meza ngapi. Kama ni moja tu ya sebuleni kwako, usihangaike na plastiki. Nunua kipande cha marini bodi, kibandike selotepu pana ya kufungia maboksi kila mahali ambapo resini itagusa, ziba pembe kwa silikoni, na kazi itaisha. Kalibu ya plastiki hulipa pale umbo linapojirudia: meza za mgahawa, meza ndogo za wageni, oda ya hoteli. Ukipita Kariakoo, litazame paa la jengo la Soko Kuu alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970. Ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, mmoja baada ya mwingine, umbo lile lile. Anayemimina kitu, kiwe zege au resini, hupenda kurudia umbo kwa sababu kila akilirudia, gharama ya fomu inagawanyika zaidi.

Unachonunua na unachoambiwa unanunua

Resini tunayotumia ni epoksi, nayo hushika karibu kila kitu: mbao, chuma, saruji, kioo, ngozi yako. Hushika kwa sababu ikiwa bado majimaji hujitandaza juu ya kitu hicho, ikaingia kwenye kila kitundu, kisha ikagandia humo humo. Plastiki ya jamii ya polithini ina uso ambao resini haiwezi kujitandaza vizuri juu yake, na haina mahali pa kuishikilia. Ikishakauka, resini hubanduka. Tunayoitaka ni polithini nzito, ambayo duniani kote huandikwa HDPE. Mkemia wa Ujerumani, Karl Ziegler, alipata njia ya kuitengeneza bila mgandamizo mkubwa mwaka 1953, na leo imejaa mjini: madumu ya mafuta ya kula, kreti za soda, na mbao nene nyeupe za kukatia nyama buchani.

Polipropilini nayo inafaa, na ndiyo plastiki ya selotepu nyingi za kufungia maboksi. Lakini kwa kalibu kubwa mimi naipendelea HDPE, kwa kuwa ni laini zaidi kukata na haipasuki ovyo ukiigonga.

Sasa toka Mnazi Mmoja, vuka Lumumba, ingia Kariakoo. Ukiuliza bamba nene la plastiki utaonyeshwa vitu vingi ambavyo kwa macho vinafanana. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii nailoni orijino, haivunjiki." Huenda anasema kweli, na huo ndio ubaya wake. Nailoni halisi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa epoksi huishika kuliko inavyoishika polithini. Akriliki, ile ya kung'aa kama kioo, haifai kabisa: meza na kalibu vitakuwa kitu kimoja. Na bamba jeupe jepesi wanalotumia mafundi wa mabango ni PVC ya povu, ambayo resini huishika vizuri sana.

Kwa hiyo usinunue kwa jina. Nunua kwa vipimo vinne, na vitatu unaweza kuvifanya ukiwa umesimama hapo hapo dukani.

Kwanza tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 ndani yake. Vitu vilivyotengenezwa tayari, kama madumu na mbao za kukatia, huwa nayo. Mabamba ya kiwandani mara nyingi hayana. Pili, pitisha ukucha. HDPE ina utelezi kama wa nta na ukucha huacha mstari hafifu. Tatu, omba kipande kidogo kilichobaki, kichonge kwa kisu na ukitumbukize kwenye glasi ya maji. HDPE ni nyepesi kidogo kuliko maji, gramu 0.95 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo itaelea. Nailoni, akriliki na PVC ngumu zitazama. PVC ya povu itaelea pia kwa sababu ya hewa iliyo ndani yake, lakini hiyo utaijua ukiikata: ndani ina vitundu kama mkate. Usiunguze kipande dukani ili kunusa moshi, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo. Kama ni PVC utakuwa unavuta gesi yenye asidi, wewe na muuzaji wako.

Kipimo cha nne ndicho hakimu. Nenda na kipande nyumbani, changanya kijiko kimoja cha resini utakayotumia, kidondoshee, kiache mpaka kikauke kabisa. Kama tone linabanduka ukilisukuma kwa kidole gumba, rudi ukanunue bamba. Kama unahitaji kisu, mshukuru muuzaji kwa kipande na uende duka lingine.

Bamba kamili la sentimita 244 kwa 122, lenye unene wa milimita 15, lina uzito wa kilo 42 hivi. Halibebeki begani kwenye mwendokasi. Kodi guta au kirikuu, na lilaze bapa. Likiegeshwa upande mmoja kwenye jua la mchana hadi ufike Keko, litafika limepinda. Kama muuzaji hakati nusu, tafuta fundi mwenzako mgawane, kwa sababu bamba moja linatoa kalibu mbili, kubwa na ndogo.

Usichague bamba la chini ya milimita 12 kwa meza yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Hunyumbuka, na resini hufuata kila mnyumbuko. Kama unataka kujifunza kwanza bila gharama, ubao mmoja wa kukatia nyama unatosha kutengeneza kalibu ya sinia au ya vibao vya kuwekea glasi. Kanuni zote ni zile zile.

Vipimo na ukataji

Tuchukue meza ya sebuleni ya sentimita 120 kwa 60, unene sentimita 4. Kama mteja anataka vipimo hivyo kamili, fanya ndani ya kalibu kuwe 122 kwa 62 ili upate pa kunyoosha kingo kwa msumeno na randa. Hapa nitatumia 120 kwa 60 ili hesabu iwe nyepesi.

Kitako cha kalibu kiwe 140 kwa 80. Kuta mbili ndefu ziwe 140 kwa 6, na kuta mbili fupi ziwe 60 kwa 6. Sentimita 6 ni 4 za meza na 2 za usalama, kwa kuwa utahitaji nafasi juu ya resini. Kuta ndefu hukaa nje na fupi huingia katikati yake, na mpangilio huo una sababu: ukitaka meza ya sentimita 100 badala ya 120, unasogeza ukuta mmoja mfupi tu. Ukitaka meza nyembamba, unakata kuta fupi mpya mbili na kusogeza ukuta mmoja mrefu. Kitako hakiguswi. Ukikata kitako kwenye bamba la 244 kwa 122, utabaki na kipande kirefu cha 140 kwa 42, ambacho kinatoa kuta ndefu zote na akiba, pamoja na kipande cha 104 kwa 122 cha kuta fupi na kalibu ya meza ndogo.

Plastiki hii hukatwa kwa vifaa vya seremala. Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi walioongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya kuwa mbao, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kama plastiki inaweza kuwa jahazi, kuta nne za kalibu hazitakushinda. Ila ina tabia zake. Msumeno wa meza wenye meno mengi na mwendo wa kasi huiyeyusha, na plastiki iliyoyeyuka huganda nyuma ya meno. Tumia meno machache yaliyo makali, sukuma bila kusimama katikati ya mkato, na usitumie grenda. Kingo usizipige msasa, kwa sababu msasa huinua manyoya badala ya kulainisha. Zikwangue kwa bati kali la kukwarulia au kwa randa yenye makali mazuri, na utaona nyuzi ndefu zikitoka safi. Makombo yazoe yote. Ni mepesi, upepo huyachukua, na mvua ya kwanza itayapeleka mtaroni.

Kitu kimoja usikisamehe kwenye ukataji: ukingo wa chini wa kila ukuta lazima unyooke. Weka ukuta juu ya kitako, washa tochi upande wa pili, tazama. Mwanga ukipita, resini itapita.

Kufunga bila gundi

Sasa sifa uliyoinunua inageuka kuwa kero. Plastiki iliyokataa epoksi itakataa na gundi zako nyingine zote. Kwa hiyo kalibu yote inafungwa kwa chuma.

Njia rahisi ni skrubu kutoka chini: zinapita kwenye kitako na kuingia katikati ya unene wa ukuta. Skrubu za milimita 4 zenye urefu wa milimita 45 hivi zinafaa. Toboa kwanza tundu la milimita 3 kwenye ukuta, kwa drili inayokwenda polepole, ukiitoa mara kwa mara ili isiyeyushe. Acha sentimita 15 kati ya skrubu na skrubu. Zamisha vichwa ndani ya kitako ili kalibu ikae bapa. Kaza kwa mkono mwishoni. Bisibisi ya umeme itazungusha skrubu mpaka ikate uzi wake ndani ya plastiki, na hapo tundu limekufa.

Njia hiyo inatosha kwa kuanza. Lakini ukifungua na kufunga mara nyingi, matundu hulegea, na hapo utasogea sentimita chache pembeni kutoboa mapya hadi ukuta uwe kama chujio. Ukishajua kazi inakulipa, hamia kwenye engo na bolti. Nunua engo ya alumini ya milimita 40, ifunge nje ya kila ukuta, kisha pitisha bolti za milimita 6 kupita engo na ukuta, na nyingine kupita engo na kitako, kila moja na washa pana. Hapo plastiki haibebi uzi wowote. Nati ndiyo inayokaza. Kwenye kitako, badala ya tundu la duara, chonga tundu refu la sentimita 2. Utapata nafasi ya kusogeza ukuta, na utapata dawa ya tatizo lingine kubwa zaidi.

Tatizo hilo ni joto. HDPE hutanuka sana. Kwa kila mita moja, kila joto likiongezeka nyuzi 1, bamba huongezeka takribani milimita 0.15. Kitako cha sentimita 140 kikitoka kwenye ubaridi wa asubuhi na kupata nyuzi 10 zaidi, kinarefuka milimita 2. Kama umekikaza kwa skrubu pande zote juu ya ubao, hakina pa kwenda ila juu, na kitafanya mgongo katikati ya meza yako. Kwa hiyo kitako kilaze juu ya marini bodi ya milimita 18 yenye fremu ya mabomba ya skwea chini yake, kisha kaza bolti moja tu katikati ya upande mmoja. Nyingine zote ziwe kwenye matundu marefu, zimebana bila kukaba. Plastiki itelezee juu ya ubao ikitaka.

Pembe na maungio ya chini hujazwa silikoni. Silikoni haishikani sana na HDPE wala na resini, na hilo linakufaa, kwa sababu utaitoa kwa vidole baada ya kazi. Weka mstari mwembamba upande wa ndani, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, iache siku nzima ikauke. Mstari mnene unaacha ukingo wa mviringo chini ya meza, ambao utaulipia kwa msasa.

Halafu mimina maji. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, na ndio hao hao wanaoamka asubuhi kukuta lita 3 za resini zimeganda sakafuni. Jaza sentimita 2 za maji, weka magazeti makavu chini ya maungio yote, rudi baada ya saa mbili. Gazeti likilowa, unajua pa kuziba. Ukimaliza mwaga, futa, na iache kalibu siku nzima mahali penye upepo. Tone la maji lililojificha pembeni litaacha doa jeupe kwenye resini.

Resini inavyoijaribu kalibu yako

Pwani hii iliwahi kutajirika kwa utomvu mgumu. Katika karne ya 19, sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikapakiwa meli kwenda Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi ya samani. Epoksi ni ukoo mwingine kabisa. Haikauki kwa kupoteza maji au tina. Sehemu mbili, resini na hadina, zinaungana na kutoa joto. Kadiri zilivyokusanyika pamoja kwa wingi ndivyo joto linavyopanda, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyoungana kwa kasi zaidi. Kanuni ya haraka ya mafundi wa kemia ni kwamba nyuzi 10 za ziada huongeza kasi mara mbili hivi.

Hapo ndipo kalibu nyingi nzuri huharibiwa. Resini ya kupaka juu ya kaunta au sakafu imetengenezwa kwa tabaka la milimita chache. Ukiimimina sentimita 4 kwa mkupuo itachemka, itatoa moshi, itapasuka, na joto lake litaipinda HDPE, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi lakini huanza kulegea mapema sana kabla ya hapo. Omba resini ya kumimina kina kirefu, na usome kwenye kopo ni sentimita ngapi kwa mara moja. Kisha punguza, kwa sababu namba ya kwenye kopo imepimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na mchana wa Februari hapa unapita 30. Kama kopo linasema sentimita 5, mimi ningemimina 2, nisubiri, nimimine tena. Anza jioni jua likishazama. Na kama una uhuru wa kuchagua msimu, miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, ndiyo yenye ubaridi na ukavu unaoifaa resini. Wakati wa masika hewa imejaa maji, na hadina nyingi huacha utando wa mafuta juu ya meza.

Hesabu ya resini ni urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Kama mto wetu una upana wa sentimita 25, ni 120 mara 25 mara 4, yaani lita 12. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya nyufa za mbao na kinachobaki kwenye ndoo. Uwiano wa resini na hadina fuata kopo neno kwa neno, na angalia kama wanapima kwa ujazo au kwa uzito. Ni vitu viwili tofauti. Kuongeza hadina ili ikauke haraka hakufanyi kazi hapa kama kulivyozoeleka kwenye faiba ya boti. Hadina iliyozidi hubaki laini na kunata milele.

Mbao ziwe kavu kuliko zinavyoonekana. Hewa ya Dar ni nzito kwa unyevu, na mbao iliyokaushwa kivulini tu hapa mjini ni shida kushuka chini ya asilimia 12 ya maji, kiwango ambacho watengenezaji wengi wa resini hawataki kivukwe. Nunua iliyokaushwa kwenye tanuri kama unaweza, na kama una kipimo cha unyevu, nenda nacho kwa muuzaji wa mbao. Kisha paka nyuso zote tabaka jembamba la resini siku moja kabla, la sivyo mbao itapumua viputo usiku kucha.

Na mbao huelea. Mninga wenye uzito wa gramu 0.65 kwa sentimita moja ya ujazo, ukizamishwa kwenye resini ya 1.1, unasukumwa juu. Kwa meza yetu, mbao mbili zenye jumla ya upana wa sentimita 35 zitasukumwa kwa nguvu ya kilo 7 hadi 8 zikizama kabisa. Weka papi mbili za mbao juu ya kuta za kalibu, zifunge kwa klampu, na chini yake weka vibao vilivyofungwa karatasi ya polithini vinavyokandamiza mbao kwenye kitako. Usipige skrubu kutoka chini ya kitako kwenda kwenye mbao. Kila tundu ni mahali pa kuvuja katika meza zote zijazo. Anayetumia mpingo peke yake hana hofu hii, kwa kuwa mpingo huzama.

Pima usawa wa kalibu ikiwa imeshawekwa mbao, si kabla. Kama pima maji yako ni fupi, mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha. Mimina polepole, mahali pamoja, resini ijitafutie njia. Viputo vinavyopanda juu vipitishie moto wa haraka wa tochi ya gesi, ukikaa mbali na kuta. Plastiki haina subira na moto. Kisha jenga kibanda cha polithini juu ya kalibu, kisigusane na resini. Bila hicho, vumbi la mtaani na mbu watakuwa sehemu ya meza.

Usifanye kazi hii ndani ya fleti, hata kama chumba kina feni. Fanya kwenye karakana au ua wenye paa na hewa inayopita. Vaa glovu za nitrili. Hadina inaweza kukuletea mzio wa ngozi ambao hauondoki tena, na fundi aliyeupata huacha kazi. Resini ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Kuosha mikono kwa tina, kama mafundi rangi wengi wanavyofanya, huyeyusha resini na kuisaidia kuingia ndani ya ngozi.

Kutoa meza, kutunza kalibu

Weka kando kikombe kidogo cha resini ya mchanganyiko ule ule. Ukucha ukishindwa kuacha alama kwenye kikombe, subiri siku moja zaidi, kwa sababu resini ya meza isiyo nene inaweza kuchelewa kuliko ya kikombe. Kwa resini za kina kirefu, siku mbili hadi tatu ni kawaida. Haraka ya kutoa meza laini hupinda meza, na mteja hatakubali kuambiwa ni mtindo.

Fungua bolti zote, ondoa kuta fupi kwanza. Resini husinyaa kidogo inapoganda, kwa hiyo mara nyingi utakuta kuta zimeshaachia zenyewe. Ukuta mgumu ugonge kutoka upande kwa nyundo ya mpira. Kutenganisha meza na kitako, sukuma kabari za plastiki au za mbao laini kwenye pembe zote nne, kidogo kidogo, ukizunguka. Utasikia mlio wa kubanduka. Endelea kuzunguka, usikaze pembe moja. Patasi na bisibisi bapa ziache sandukuni. Mkwaruzo mmoja kwenye kitako ni mfereji ambao resini itaingia na kushika, na kila meza baada ya hapo itaukuza.

Mabaki ya resini hung'oka kwa kidole au kwa kipande cha HDPE kilichonolewa ubapa. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha. Usipake mafuta ya kupikia wala ya nywele ili "kusaidia" kubanduka: yatahamia kwenye meza, na vanishi ya mwisho itakataa kukaa pale. Kama kitako kimeanza kuchoka, tabaka jembamba la nta ya kung'arishia magari, likifutwa vizuri, litakuongezea maisha. Kikichoka kabisa upande mmoja, kigeuze. Bamba lina pande mbili.

Kihifadhi kikiwa kimelazwa, ndani, mbali na jua. HDPE nyeupe ikikaa juani miezi huwa dhaifu na kupasuka. Nyeusi hustahimili zaidi kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake. Kuta zifunge pamoja kwa kamba zikiwa zimenyooka, na uziandike kwa kalamu ya wino wa kudumu: K1, K2, kushoto, kulia, juu. Matundu ya bolti hayalingani kikamilifu hata ukiwa fundi hodari, na ukuta uliogeuzwa utakupa mwanya wa nusu milimita. Bolti na nati zake ziweke kwenye kopo moja, na kwenye kopo hilo hilo weka karatasi yenye vipimo vya kila meza uliyoitoa, lita zilizotumika na hali ya hewa ya siku hiyo. Vipande visivyofaa tena usivichome. Wanunuzi wa plastiki chakavu huvichukua kwa kilo, alimradi vimesafishwa resini na skrubu zote zimetolewa.